Mtoto Huijua Hofu Yetu

Kila tarehe 5 Juni, Kisangani hukumbuka vita vya siku sita. Kuanzia siku hiyo hadi tarehe 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda, yote mawili yakiwa mageni katika nchi ya watu, yalipigana kwa mizinga ndani ya mji huu. Mabomu zaidi ya elfu sita yaliangukia makazi ya raia. Askari wa Uganda walikuwa ng'ambo ya kaskazini ya mto Tshopo, wale wa Rwanda wakiwa upande wa mjini, na komuni ya Tshopo ikabaki katikati yao. Hata kanisa kuu la Bikira Maria wa Rozari, pale kando ya mto Kongo, halikusalimika. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu wa miaka ile. Hakuna mahakama inayoweza kukadiria kile ambacho mabomu yale yaliacha ndani ya mioyo ya watoto.

Watoto hao wamekuwa wazazi. Aliyekuwa na umri wa miaka saba mwaka 2000, akalala siku sita chini ya kitanda pamoja na dada zake, leo ana watoto wake wanaokwenda shule ya msingi. Anawavalisha sare asubuhi, anawaombea, anawapeleka misa au ibada siku ya Jumapili. Nataka kuandika juu ya jambo moja katika malezi yake: namna anavyoibeba hofu yake mbele ya macho yao.

Mji wetu uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na mvua zake ni mvua za radi. Radi ikipiga usiku wa manane, umeme ukiwa umekatika na bati likitetemeka, mama husimama kabla hajaamka sawasawa. Anawahesabu watoto gizani kwa kuwagusa kichwa mmoja mmoja. Anauvuta mkeka mbali na dirisha, anaketi juu ya ukingo wake, na hasemi neno mpaka ngurumo ihame kuelekea Lubunga. Asubuhi anachemsha chai kama vile usiku ulikuwa wa kawaida. Lakini yule mdogo wa miaka mitano, aliyeguswa kichwani na mkono uliokuwa ukitetemeka, amekwisha kupokea somo. Amejua kwamba kuna kitu kinachomtisha hata mama, na kwamba kitu hicho hakizungumzwi. Hajui kama ni radi au ni bomu. Anabaki na mtetemeko tu, bila jina lake.

Na sababu za kutetemeka hazikukoma mwaka ule. Mei 2002 maasi ndani ya kundi la RCD-Goma, lililoushika mji wakati huo, yalifuatwa na mauaji, na maiti zikatupwa mtoni Tshopo kutoka darajani. Tangu mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, ng'ambo ya kushoto ya mto, umechoma nyumba na kuwaleta mjini maelfu ya watu wenye magodoro kichwani. Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ikafuata katikati ya Februari, simu za watu wazima hapa zilijaa sauti na picha, na watu wakawa wanaulizana mbele ya watoto kama zamu ya Kisangani imefika. Juu ya hayo kuna hofu za kila siku: mshahara wa mwalimu unaochelewa, homa ya mtoto inayopanda usiku wakati pesa ya dawa haipo, mashua ya balenieri iliyojaa kupita kiasi inayombeba baba kwenda kutafuta maisha huko chini ya mto.

Katika hali hiyo, nyumba nyingi za Kikristo hutumia neno moja kama dawa ya kila kitu: usiogope. Mtoto akilia usiku anaambiwa asiogope. Akisema anaogopa kuvuka kwa mtumbwi anaambiwa mtoto wa Mungu haogopi. Akirudia, anaulizwa imani yake iko wapi. Maneno haya yanatoka kwa watu wanaompenda, na yanatoka katika Maandiko, ambamo amri ya kutoogopa imerudiwa mara nyingi. Lakini ukiyasoma Maandiko hayo polepole utaona kwamba amri hiyo haitolewi peke yake. Kila mara kuna mtu aliyefika, mkono ulionyooshwa, au ahadi kwamba Mungu yupo pamoja na anayeogopa. Sisi tunamkatia mtoto nusu ya neno, tunampa amri bila kumpa mwenzi. Matokeo yake, mtoto haachi kuogopa. Anaacha kusema. Anajifunza kwamba hofu ni dhambi ndogo ya kufichwa, na hofu iliyofichwa hutafuta njia nyingine ya kutokea: tumbo linalouma kila asubuhi ya shule, kitanda kinacholowa tena baada ya miaka ya kukauka, hasira dhidi ya mdogo wake, kulala akiwa amekunja ngumi.

Naamini mtoto ana haki ya kuona mzazi wake anaipeleka wapi hofu yake. Hiyo ni haki kama ile ya kula na kuvaa, na kwa mzazi anayemwamini Kristo ni wajibu.

Tazama jinsi Mungu alivyomtendea Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii amemkimbia Yezebeli, ametembea jangwani mwendo wa siku nzima, ameketi chini ya mti na kuomba afe. Malaika haanzi na mafundisho. Hamwulizi imani yake imekwenda wapi, yeye ambaye siku chache kabla alikuwa ameita moto kutoka mbinguni. Anamgusa, na Eliya anakuta mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili, anamwambia ale kwa sababu safari ni ndefu. Maswali yanakuja baadaye sana, kule mlimani Horebu, na hata huko Mungu anaanza kwa kumsikiliza. Hii ndiyo sura ya malezi ambayo ningependa kila mzazi wa Kisangani aisome kwa sauti. Mtoto aliyeshtuka usiku anahitaji kuguswa kwanza, kupewa maji, kufunikwa, kulala karibu na mtu. Mafundisho yatasubiri mchana. Anayehubiria mwili unaotetemeka anapoteza nguvu zake, na pia anamfundisha mtoto kwamba Mungu huja na maneno mahali ambapo yeye alihitaji mkono.

Tazama pia Gethsemane. Yesu hakuwaficha rafiki zake watatu kwamba roho yake ilikuwa na huzuni hata kufa. Aliwaomba wakeshe naye. Aliomba jambo lile lile mara tatu, kwa maneno yale yale, na jasho likamtoka. Kama Mwana wa Mungu alisema mbele ya watu anaowalea kwamba ameelemewa, ni baba gani wa Mangobo au Kabondo atakayeona aibu kumwambia mwanawe, Mwanangu, leo moyo wangu ni mzito, njoo tusali? Wanaume wa hapa wengi tulilelewa kwa sheria kwamba mwanaume haonyeshi. Sheria hiyo ilitusaidia kusimama siku fulani, lakini imewanyima watoto wetu wa kiume mfano. Wanajua baba alivyo akiwa na nguvu, na hawajui afanye nini mtu nguvu zikiisha. Huko nje wanafundishwa na wengine, kwa chupa na kwa ngumi.

Mji huu wenyewe una ushahidi wake juu ya amani isiyoificha hofu. Mwaka 1964 ulikuwa bado ukiitwa Stanleyville, na waasi walioitwa Wasimba waliuteka mwezi Agosti. Makarani, walimu na watu wengine waliosoma waliuawa mbele ya mnara wa Lumumba, na majina ya wengi wao yamebaki katika familia zao tu. Miongoni mwa mateka wa kigeni alikuwako daktari mmisionari wa Kiprotestanti kutoka Marekani, Paul Carlson, ambaye wagonjwa wake huko Wasolo, upande wa Ubangi, walimwita Monganga Paul. Hatari ilipokaribia, aliwavusha mke wake na watoto wao wawili mto Ubangi hadi Jamhuri ya Afrika ya Kati, kisha yeye akarudi hospitalini. Alikamatwa, akasingiziwa kuwa meja wa jeshi la Marekani, akaletwa hapa, na kwa majuma akaishi chini ya tangazo la kwamba atauawa. Siku moja kabla ya kifo chake aliandika neno moja katika Agano Jipya alilokuwa nalo: amani. Kesho yake, tarehe 24 Novemba, askari wa miamvuli wa Ubelgiji waliposhuka mjini, mateka walitolewa barabarani wakapigwa risasi. Monganga Paul aliuawa akijaribu kupanda ukuta ili aingie mahali pa usalama.

Nimefikiri sana juu ya neno hilo kama mzazi. Aliyeliandika alikuwa baba. Watoto wake walikuwa ng'ambo ya mto mwingine, hakuweza kuwafikia wala kuwakinga, na hakuwa na habari yoyote kwamba mambo yatakuwa mazuri. Na kesho yake alipoona nafasi ya kuukimbia mlolongo wa risasi, aliikimbilia. Aliyeandika amani hakujilaza chini akingoja kufa. Mtoto anapaswa kuambiwa hadithi hii nzima, pamoja na mwisho wake, kwa sababu hapa tuna desturi ya kusimulia ushuhuda wa waliopona tu. Kila Jumapili tunasikia juu ya gari lililopinduka na ndugu aliyetoka bila jeraha. Mtoto anayelelewa kwa shuhuda hizo peke yake anajengewa imani isemayo kwamba baya halitatufikia. Imani hiyo, hapa Kisangani, haiwezi kumfikisha mbali. Siku mwanafunzi mwenzake atakapozama, au mama yake mdogo atakapofariki katika uzazi, atabaki na maamuzi mawili mabaya: kwamba Mungu amedanganya, au kwamba marehemu alikosa imani.

Siku chache baadaye, kaskazini mashariki yetu, masista wa Jamaa Takatifu waliokuwa wamechukuliwa kutoka Bafwabaka walifikishwa Isiro. Kati yao alikuwamo mwalimu kijana, Anuarite Nengapeta. Ofisa mmoja wa waasi alimtaka awe mke wake, naye akakataa. Tunapenda kuikumbuka nguvu ya jibu lake, na namna alivyomsamehe aliyemuua usiku ule wa kuamkia tarehe 1 Desemba. Lakini jioni yake kabla ya hapo alikuwa msichana mwenye fadhaa, aliyewaomba wenzake wamwombee. Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, fadhaa ile haikufutwa katika maisha yake, imo humo ndani ya utakatifu. Watoto wetu wanavaa sare zenye jina lake katika kikundi cha Kizito-Anuarite, wanaimba nyimbo zake parokiani. Wangefaidika kujua kwamba aliogopa, na kwamba alipoogopa aliwaambia watu.

Sasa nije nyumbani, kwa sababu vikundi vya parokia na shule ya Jumapili haviwezi kufanya kazi hii kwa niaba yetu. Mtoto hukaa parokiani saa mbili kwa juma. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, kinamweka mwalimu wa imani ndani ya nyumba, njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Yaani kinamweka mzazi.

Sala ya jioni ya familia ni desturi ya zamani katika nyumba nyingi hapa, Wakatoliki na Waprotestanti sawa, ingawa simu zinaila taratibu. Wanaotaka kuirudisha waanze mapema, sahani za lituma na sombe zikishatolewa, kabla mdogo hajasinzia. Iwe fupi. Robo saa inatosha, na robo saa ya kila siku inazidi mkesha mmoja wa mwezi. Kisha kila mmoja ataje jambo linalomtia wasiwasi, kwa jina lake. Mtoto wa darasa la pili atasema anaogopa choo cha nje usiku, au fimbo ya mwalimu wa hesabu, au mbwa wa jirani. Mkubwa asicheke. Hofu ya choo cha nje, kwa mwenye miaka saba, ina uzito ule ule wa hofu yetu ya mwisho wa mwezi, na akiona ya kwake imepokelewa na kuwekwa mbele ya Mungu bila dharau, atakuja na nyingine kubwa zaidi akiwa na miaka kumi na minne. Hapo ndipo tutakaposhukuru kwamba mlango ulikuwa wazi.

Mzazi naye aseme la kwake, kwa kipimo. Hapa pana hatari ya upande wa pili, ambayo nimeiona katika nyumba za watu wema: mama anayemgeuza binti yake wa kwanza kuwa mahali pa kutupia kila kitu, deni, ugomvi na shemeji, mashaka juu ya baba. Mtoto si padri wala si mshauri. Aambiwe ukubwa wa jambo unaomfaa, pamoja na kinachofanywa. Kwa mfano: mshahara wa papa haujafika, ninahangaika, kesho nitakwenda kumwona mwenzangu wa kazini, tumwombe Bwana atufungulie. Sentensi kama hiyo ina hofu, ina sala, ina tendo. Yaliyobaki yapelekwe kwa mtu mzima mwenzio, katika jumuiya, au kwa mchungaji anayejua kunyamaza.

Baada ya kutaja, tusali kwa maneno ya waliotutangulia, kwa kuwa anayeogopa hukosa maneno yake mwenyewe. Sehemu kubwa ya Zaburi ni vilio. Watunzi wake wanamlalamikia Mungu, wanamwuliza mpaka lini, wanamweleza adui zao bila adabu nyingi. Nashangaa kwamba tunawafundisha watoto zaburi mbili tatu za utulivu tu, na kuziacha hizi ambazo zingewapa ruhusa ya kulia mbele za Mungu. Soma moja, mtoto wa darasa la sita asome aya, mwingine aendelee.

Kwa Wakatoliki kuna rozari, ambayo jina lake limebebwa na kanisa kuu letu. Wengine huidharau kwa sababu inarudiarudia. Mimi naona faida yake kwa mwenye wasiwasi iko hapo hapo. Mwaka 2001 daktari mtafiti wa Italia, Luciano Bernardi, pamoja na wenzake walichapisha katika jarida la British Medical Journal matokeo ya kupima watu waliokuwa wakisali Salamu Maria kwa Kilatini: pumzi zao zilipungua hadi karibu sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakatulia katika mwendo mzuri. Sala haisimami juu ya vipimo vya madaktari. Lakini Mungu aliyeumba roho ndiye aliyeumba pafu, na mtoto anayesali polepole pamoja na watu anaowapenda, nusu ya nyumba ikianza na nusu ikiitikia, anatulizwa mwili na roho kwa tendo moja. Mprotestanti ana njia yake: wimbo wa kitabuni uliokaririwa, beti zote nne, bila haraka na bila kipaza sauti.

Wazee wa mto huu walilijua jambo hilo la kurudia. John Carrington, Mwingereza wa misheni ya Kibaptisti aliyeishi Yakusu, chini kidogo ya mji wetu, aliandika mwaka 1949 kitabu juu ya ngoma za Walokele zinazopeleka habari. Mpiga ngoma aliyetaka kumtuliza mtu hakutuma amri fupi. Alimwambia kwa mapigo marefu aushushe moyo uliompanda mdomoni, kisha akarudia tena, aushushe moyo, aurudishe mahali pake. Maana yake mwenye hofu alipewa muda, na alipewa kazi ya kufanya.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza kuliko yote. Ipo dini inayotumia jina la Yesu kuongeza hofu katika nyumba, na mzigo wake huangukia mtoto. Katika baadhi ya vyumba vya maombi hapa mjini, kila shida ina adui aliyejificha ndani ya ukoo. Biashara imekufa, mimba imetoka, papa amepoteza kazi: nani anakula bahati yetu? Na kidole kinaelekezwa kwa aliye mdogo, hasa yatima anayelelewa na mama wa kambo au shangazi. Ushahidi wake ni upi? Anakojoa kitandani. Anazungumza usingizini. Amekonda. Hatazami watu machoni. Anapenda kukaa peke yake. Msomaji, rudi nyuma kidogo katika makala haya, uone kwamba hizo ndizo alama za mtoto mwenye hofu. Amefiwa na mama yake, amehamishwa nyumba, halali vizuri. Na badala ya mkate na maji ya Eliya anapewa siku za kufunga bila chakula, anafungiwa, anapigwa ili akiri. Akikiri, kwa kuwa mtoto aliyechoka hukiri lolote, anafukuzwa, naye anaongeza idadi ya wale wanaolala kwenye vibanda vya soko.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamtia hatiani anayefanya hivyo, kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu pamoja na faini. Kila mzazi aijue, kila jumuiya iisome, kila mchungaji mwaminifu aisome mimbarani. Mtu akikuambia kwamba amani ya nyumba yako itapatikana kwa kumtoa mtoto mmoja, hata akiwa ameshika Biblia, mchukue mtoto huyo mkono mtoke. Kristo aliwaweka watoto katikati ya wanafunzi wake, na hakuna mahali alipomlaumu mtoto kwa shida ya wakubwa.

Sala pia haimfungi mtu mlango wa hospitali. Kifafa ni ugonjwa, kina dawa. Homa inayomfanya mtoto aweweseke ni jambo la kupimwa damu usiku huo huo. Na hofu yenyewe inaweza kuwa ugonjwa: mtoto asiyelala kwa majuma, anayekataa chakula, anayeruka akisikia mlango, aliyeacha kucheza, au mama anayekaa kitandani mchana kutwa akisema hana faida ya kuishi. Hao wanahitaji daktari, muuguzi, au mtu aliyesomea mambo ya akili. Wataalamu hao ni wachache nchini mwetu, nalijua hilo, na safari ya kuwapata inachosha. Inatupasa tuwasindikize wagonjwa wetu huko kama tunavyowasindikiza kanisani, bila kuwaaibisha, tukiendelea kuwaombea huku dawa ikinywewa kwa saa zake.

Limebaki swali ambalo watoto wa hapa huuliza, kwa kawaida usiku, taa ikiwa imezimwa: Mama, vita vitarudi? Wengi wetu hujibu hapana, ili alale. Lakini hatujui kama ni hapana, na mtoto anasikia katika sauti kwamba hatujui. Ningejibu hivi: Sijui, mwanangu. Sasa hivi hakuna. Vikija, tutakwenda pamoja, hatutakuacha nyuma. Vyeti vya kuzaliwa na kitabu cha kliniki viko katika ule mkoba mweusi juu ya kabati. Njia ya kwenda kwa shangazi yako Kabondo unaijua, tutaipita tena Jumamosi ukanionyeshe wewe. Na popote tutakapolala, tutasali kama tunavyosali hapa. Sasa sogea, tuanze: wewe utasema, mimi nitaitikia.